Serikali ya Asubuhi na Serikali ya Mchana

Nyie vijana mnaotangaza kwa pikipiki siku hizi, nisameheni mapema, maana leo nitawasema. Juzi hapa Bugwema imepita pikipiki ina spika mbili nyuma, sauti ya binti mzuri kabisa inatualika kwenye mkutano wa mbegu za pamba. Tukavaa viatu, tukatoka. Kufika ofisi ya kata tunaambiwa mkutano ulishafanyika siku mbili nyuma. Nikamtafuta mwenye pikipiki, nikamkuta dukani anakunywa soda, na spika bado inaita watu. Nikamuuliza kama ameshawahi kusikiliza anachokitangaza. Akanijibu kwa heshima zote kwamba yeye amepewa flashi tu.

Nilirudi nyumbani nimenuna mpaka mke wangu akadhani ni njaa. Haikuwa njaa. Nilikuwa nimekumbuka kwamba hata mimi, mnayeniona najifanya mwalimu wenu, niliwahi kujibu hivyo hivyo, na niliyemjibu alikuwa mtu ambaye sikutakiwa kumjibu hivyo. Ndiyo maana nimekaa chini niwaandikie. Msiposoma, basi, endeleeni na soda zenu.

Mimi nimeendesha gari la matangazo Musoma, Bunda na Butiama kwa miaka zaidi ya thelathini. Nimetangaza misiba, minada, mechi, chanjo za kuku, ng'ombe waliopotea, watoto waliopotea, na wabunge waliopotea baada ya uchaguzi. Hatukuwa na flashi. Mkono mmoja usukani, mkono mmoja maiki, na kinachotoka ni chako mwenyewe. Ukikohoa, mji mzima umekohoa.

Aliyenifundisha ni Mzee Manyama wa Butiama. Huyu alianza na baiskeli na kipaza sauti cha betri wakati mimi bado nachunga ng'ombe wa baba. Alikuwa mfupi, mkali, na mwenye sauti ambayo haikumfaa mwili wake. Alinifundisha kwamba spika usizielekeze mbele, zielekeze pembeni, maana waliopo mbele utawafikia tu. Alinifundisha kwamba pale Mwigobero, kwenye mwalo wa samaki, unapita asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaanza, la sivyo unatangaza na maneno yanakurudia mdomoni. Mwendo wako ni mwendo wa mama aliyejitwisha ndoo ya maji. Ukikaribia shule wakati wa mitihani, zima. Na soda usinywe kabla ya kazi, hiyo nawaambia nyie hasa.

Ila somo kubwa alinipa siku niliyomuua fundi Masatu.

Niliambiwa Masatu amefariki, nikauliza yupi, nikaambiwa fundi, nikamtangaza yule niliyemjua. Kumbe mafundi Masatu walikuwa wawili, mmoja wa Bweri aliyefariki kweli, na mmoja wa Nyasho, fundi wa vitanda, ambaye wakati napita mbele ya banda lake alikuwa na misumari mdomoni anagonga ubao. Akasikia jina lake, akasikia jina la mke wake, akasikia saa ya mazishi yake. Akatema misumari, akatembea pembeni ya gari langu na nyundo mkononi, akaniuliza taratibu kama mazishi yanaweza kusogezwa mbele kidogo kwa sababu ana vitanda viwili vya watu hajamaliza.

Nilifikiri nitangaze kidogo hapo Nyasho, tucheke, yaishe. Mzee Manyama alikataa. Alinipandisha garini, akampandisha fundi Masatu kiti cha mbele, akaniamuru nipite mitaa yote niliyopita asubuhi, kwa mpangilio ule ule, kuanzia wa kwanza. Nilimwambia hiyo ni safari ya bure. Akasema aliyesikia uongo Kitaji hawezi kwenda kusikilizia ukweli Nyasho, ni lazima umfuate pale pale ulipomdanganya. Basi tukazunguka, mimi naomba radhi kwenye maiki, na marehemu anapunga mkono dirishani. Watoto walikimbia nyuma yetu mpaka mwisho wa lami. Ilinichukua siku nzima, na tangu hapo nikaaminika zaidi ya kabla. Watu wa Musoma walikuwaga wanasema, kama Magesa hajatangaza, bado haijatokea.

Sasa njooni kwenye korona.

Nyie wengine mlikuwa darasa la tano, mnakumbuka tu kwamba shule zilifungwa mkafurahi. Sisi tuliokuwa na kazi tunakumbuka mengine. Gari langu lilikodiwa na ofisi fulani. Sitaitaja, bado wapo watu wanaokula mkate hapo. Wakanipa kijana wa kukaa naye kiti cha pembeni, ambaye nitamwita Bwana Karatasi, kwa sababu karatasi haikuwahi kumtoka mkononi. Barakoa aliivaa kidevuni. Nilimuuliza kama kidevu chake ndicho kinachopumua, akasema akiipandisha hawezi kupokea simu. Na simu ndiyo ilikuwa kazi yake hasa, mtaona.

Wiki za kwanza mambo yalikuwa mepesi. Naweni mikono, msipeane mikono, kaeni mbali. Ndoo za maji zenye bomba zikajaa kila mlango. Watu wakaanza kusalimiana kwa miguu, wazee wazima wanarusha teke stendi, mmoja akaanguka. Kisha karatasi ikabadilika, nikaambiwa nitangaze kujifukiza. Nikatangaza mwarobaini na mchaichai mpaka miti ya watu ikabaki vijiti. Kisha siku moja nikakuta neno korona limekatwa kwa kalamu karatasi nzima, pakaandikwa juu yake changamoto ya upumuaji, na baada ya wiki nalo likakatwa bila kuandikwa kitu. Nikawa natangaza tahadhari bila kusema ni tahadhari ya nini. Kuna mama Kitaji alinisimamisha akaniuliza sasa ananawa ili asipate nini. Nilimtazama Bwana Karatasi. Bwana Karatasi alitazama ziwa.

Vijiweni huko kulikuwa kunawaka moto. Mama Neema, muuza dagaa wa Mwigobero, mwanamke ambaye hata bila spika anasikika mpaka Makoko, alikuwa upande wa kufunga. Dada yake ameolewa ng'ambo ya mpaka, na kila jioni alikuwa anapiga simu kusema wenzetu wamefungiwa ndani, polisi wana viboko. Mama Neema alisema afadhali viboko kuliko jeneza. Upande wa pili alikuwepo Chacha wa Bunda, mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye alisema ng'ombe hajui lokdauni, anakula kila siku, na mtoto wake vile vile. Akamuuliza Mama Neema kama akifungiwa ndani atawauzia dagaa kuta. Mama Neema akamuuliza yeye akifa ng'ombe watamlia matanga. Walibishana hivyo wiki baada ya wiki, na kila mmoja akiishiwa hoja alikuwa ananigeukia mimi, kwamba Magesa sema, wewe ndiye unatokaga na serikali garini.

Nawaambia ukweli, mpaka leo sijui nani alikuwa sahihi. Wanaosema tulipaswa kufunga kila kitu, wengi niliowasikia walikuwa na mshahara unaoingia hata wakilala. Wanaosema haikutokea kitu, hao hawakupita makaburini na gari kama nilivyopita mimi. Kufunga ni uamuzi na kuacha wazi ni uamuzi. Mimi sina ugomvi na uamuzi. Ugomvi wangu ni na kalamu ya Bwana Karatasi, na ugomvi mkubwa zaidi ni na mdomo wangu.

Ilikuwa Ijumaa. Kesho yake ni mnada wa ng'ombe upande wa Butiama, ule unaokusanya watu wa kote huku. Na mnada wetu mnaujua, ng'ombe hajauzwa mpaka mmepigana viganja. Unaweza kukubaliana bei kwa mdomo tangu asubuhi, bila viganja hakuna biashara. Asubuhi nikapewa karatasi inasema mnada umesimamishwa, watu wabaki majumbani. Nikaona ni jambo la maana. Nikaanza Mwigobero kabla ya upepo, nikaenda Kitaji, Nyasho, mpaka Bweri. Mnada umesimamishwa. Nililisema vizuri, na watu walilipokea vizuri. Wafanyabiashara wakateremsha mizigo yao kwenye magari.

Tulipofika Makutano, pale barabara ya Musoma inapokutana na ile kubwa ya Bunda na Tarime, simu ya Bwana Karatasi ikalia. Akashuka. Nilimwona anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo, kana kwamba simu inamwona. Akarudi, akaweka karatasi juu ya goti, akakata neno "umesimamishwa", akaandika "upo kama kawaida". Akaniambia nisome hivyo.

Nikamuuliza, na Musoma je? Akasema Musoma tumeshapita. Nikamweleza habari ya fundi Masatu, kwamba kwa kazi yetu neno likibadilika unageuza gari, unarudi mtaa wa kwanza. Hapo ndipo akaniambia neno ambalo lingefaa kuandikwa juu ya mlango wa ofisi yao. Alisema:

"Mzee, tukirudi tutaonekana tumekosea."

Nikageuza gari kuelekea Butiama. Nilikuwa na usukani mkononi, mafuta yalikuwepo, na kichwa kilikuwa changu. Msije mkasema Magesa alilazimishwa. Ile kazi ya ofisi ilikuwa nzuri, ilikuwa inawalipia watoto wangu wawili shule, na nilijisemea kwamba wakubwa wana sababu zao.

Mzee Manyama wakati huo alikuwa ameshastaafu miaka mingi, anakaa nyumbani kwake kando ya barabara, ukishapita njia ya kwenda Mwitongo. Kifua chake kilikuwa kibovu. Miaka ya vumbi na kupiga kelele haimwachi mtu. Tangu ugonjwa utajwe alikuwa hatoki, mke wake, Mama Wegesa, alikuwa amemwekea kiti getini na blanketi, kwaheri na karibu zake anazitoa kwa mbali. Redio hakuiamini, alisema watangazaji wa redio hawaoni nyuso za wanaowadanganya. Alikuwa anangoja gari langu.

Nilimwona kwa mbali amesimama. Akanyoosha mkono, nikasimamisha gari. Akasogea mpaka dirishani, akamsalimu Bwana Karatasi, kisha akanigeukia mimi.

"Magesa, hiyo ya mnada ni kweli?"

Karatasi ilikuwa pale kati yetu, imekatwa kwa kalamu, wino haujakauka. Nikamwambia, "Ndivyo ilivyoandikwa, mzee."

"Sijakuuliza kilichoandikwa," akasema. "Nakuuliza wewe. Niende?"

Alinisubiri. Mtu aliyenifundisha kazi, aliyenizungusha mji mzima na marehemu anayepunga mkono, alisimama juani kunisubiri mimi niseme neno moja. Ningeweza kusema kaa nyumbani mzee, asubuhi nimetangaza kingine. Ni maneno machache. Badala yake nikabonyeza swichi ya maiki, nikatazama mbele, nikasema kwa spika zote nne kwamba wananchi wote wa Butiama mnakaribishwa, mnada upo kama kawaida. Nikaondoa gari. Kwenye kioo nilimwona ameinama anachukua blanketi lake kwenye kiti. Alikuwa amepata jibu.

Hatukuishia hapo. Tukiwa Kiabakari simu ikalia tena. Safari hii karatasi ikaandikwa kwamba mnada upo ila watu waje wachache. Nikauliza wachache wangapi. Bwana Karatasi akasema nisome tu, wananchi wataelewa. Na Bunda ikasikia hivyo: njooni wachache.

Kwa hiyo kwa siku moja, kwa mdomo mmoja, Musoma mnada umefungwa, Butiama mnada upo, Bunda mnada upo kidogo.

Kesho yake nilikwenda na gari mnadani. Watu wa Butiama walikuwa wamejaa, kama walivyoalikwa. Watu wa Bunda walikuwa wamejaa zaidi, kwa sababu kila mtu wa Bunda alijihesabu kwamba yeye ndiye wale wachache. Musoma hawakuwepo, mpaka saa nne, simu zilipoanza kupigwa, ndipo wakaanza kufika na hasira. Wa kwanza kunifikia alikuwa Mama Neema. Dagaa wake alikuwa amewateremsha, akawapakia tena, nusu wamevunjika vunjika. Na alikuwa amekuja, mtu wa kufunga, kwa sababu kama wenzake wote wanauza, yeye peke yake akae ndani anamlinda nani?

Hapo ndipo mjadala ulipozaliwa ambao mpaka leo haujafa. Mama Neema alisema serikali imefunga, amesikia kwa masikio yake, kwa sauti ya Magesa. Chacha alisema serikali imefungua, naye amesikia kwa sauti ya Magesa. Wakazunguka gari langu, mamia ya watu bega kwa bega, wanabishana kwa jasho na mate kuhusu tangazo la kutokusanyika. Wapo waliosema tangazo la mwisho ndilo linalofuta ya kwanza. Wapo waliosema la kwanza ndilo la kweli, kwa sababu asubuhi wakubwa wanakuwaga hawajapigiwa simu. Fundi mmoja wa mizani akauliza kama serikali ziko mbili, ya asubuhi na ya mchana, na kama ni hivyo, yeye kodi yake anaipeleka saa ngapi. Watu walicheka sana. Jina likashika hapo hapo. Kuanzia siku ile mtu wa kufunga akaitwa wa asubuhi, mtu wa kufungua akaitwa wa mchana, na kuna ndoa Nyasho ilitikisika kwa sababu mume ni wa mchana na mke ni wa asubuhi.

Na mimi nilicheka. Nilicheka nikiwa juu ya boneti, mpaka nilipomwona Mzee Manyama kati ya watu. Alikuwa amevaa koti lake la kazi. Tangu ugonjwa utajwe alikuwa amekaa getini, leo yuko mnadani, anapigana viganja na kila mtu, kulia na kushoto, anakohoa na kucheka. Aliponiona alinyanyua mkono kwa furaha. Nilinyanyua wa kwangu.

Baada ya wiki mbili hivi Mama Wegesa alinipigia simu kwamba mzee hapumui vizuri. Alikuwa anamfukiza asubuhi na jioni kwa majani niliyoyataja mimi, kwa utaratibu nilioutaja mimi. Nikampeleka hospitali kwa gari lile lile la spika. Alikaa siku nne. Kwenye karatasi yake pakaandikwa shida ya kifua ya muda mrefu, na kweli kifua alikuwa nacho, nani atabisha. Siwezi kuwaapia kwamba ni mnada uliomuua. Mimi siyo daktari, na daktari mwenyewe siku zile nilimuuliza akaanza kutafuta funguo zake.

Alifariki Jumatano. Ndugu walipigiana simu, hao hawakuwa na shida. Lakini Mzee Manyama hakuwa mtu wa ndugu peke yao. Huyu alitangaza misiba ya baba za watu na mama za watu kwa miaka arobaini, na kwetu huku mtu wa namna hiyo anazikwa na nchi nzima. Watu hao wote hawana namba ya simu ya mtu, wanalisikiliza gari. Mama Wegesa aliniita, akaniambia kazi hiyo ni yangu. Wazee wakachagua ng'ombe wawili. Vijana wakakodi viti vya plastiki, wakavipanga kutoka mlangoni mpaka kwenye mihogo. Walivipanga mbalimbali kama ilivyotakiwa, ndiyo maana vilikuwa vingi sana.

Alhamisi nilitoka peke yangu. Hakukuwa na Bwana Karatasi wala karatasi. Nilianza Mwigobero kabla ya upepo, na sijawahi kutangaza vile maishani mwangu. Nilisema tumepoteza sauti ya kwanza ya Mara, Mzee Manyama wa Butiama, mazishi ni kesho saa nane mchana nyumbani kwake.

Wavuvi waliinua vichwa, kisha mmoja akasema kwa sauti kwamba hiyo ni ya asubuhi, wacha wasubiri ya mchana. Mwalo mzima ukacheka. Sikuwakasirikia, nilidhani ni utani wa mwalo. Kitaji mama aliniuliza huyo mzee amekufa kabisa au amekufa kama kawaida. Nyasho vijana walitaka kujua kama waje wote au waje wachache. Nilisimamisha gari, nikashuka, nikawaambia kwa mdomo mtupu kwamba ni kweli, ni mwalimu wangu. Wakaniitikia kwa adabu, pole mzee Magesa, na nilipoondoka nikasikia kicheko. Bunda nilimkuta Chacha mwenyewe, aliyekuwa anamheshimu marehemu sana. Hakunitania. Alinishika bega akaniambia nisijali, anajua na mimi natumwa tu, na kwamba atasubiri kidogo aone kama litabadilishwa.

Hawa hawakuwa watu wabaya, vijana wangu. Walikuwa wamefunzwa na mtangazaji wao. Jioni nilirudi njia yote, mtaa wa kwanza mpaka wa mwisho, nikatangaza tena neno lile lile, nikidhani wakilisikia halijabadilika wataamini. Wengi wao wakasema, unaona, karudi. Basi kuna kitu kimebadilika.

Ijumaa saa nane walikuwepo ndugu, majirani, mchungaji na mke wake, na fundi Masatu wa Nyasho, ambaye ni mzee sasa na alikuja kwa mguu kutoka stendi. Hatukuzidi hamsini. Viti vilifika mpaka kwenye mihogo na vilikuwa vyeupe vitupu. Sufuria zilikuwa zimejaa nyama, na waliopika walikuwa wamesimama na miiko wanatazama barabara. Niliona aibu ambayo siwezi kuwaeleza. Niliomboleza mtu huku natamani ardhi inimeze mimi badala yake.

Bwana Karatasi alikuja. Alitumwa na futi ya kupimia mita moja kati ya mtu na mtu. Alizungukazunguka nayo, akakosa wa kumpima. Mwisho akakaa kwenye kiti kimoja huko nyuma, barakoa kidevuni, akaandika. Nilipita nyuma yake nikasoma. Aliandika kwamba wananchi wa eneo hili wameitikia kwa kiwango cha juu maelekezo ya kutokusanyika. Na mkitaka kujua, hiyo ndiyo ripoti ya kweli kuliko zote alizowahi kuandika.

Tulipotoka kaburini Mama Wegesa aliniita. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na binti zake, ameweka mikono mapajani. Alitazama vile viti kwa muda, mstari mmoja mmoja, mpaka vya mwisho.

"Mwanangu, ulitangaza?"

Nikamwambia nilitangaza. Musoma yote, Kiabakari, Bunda, na nilirudia jioni.

Akatikisa kichwa polepole, kama anayenitafutia sababu ya kunitetea. "Basi ni huu upepo," akasema. "Hawakukusikia."

Ningeweza kumwachia hivyo. Upepo ulikuwepo kweli siku ile.

"Walinisikia, mama," nikasema. "Wote walinisikia."